Sanduku la Maswali: Kubandua Fosfati ni Kazi Kamili

Katika toleo lililopita tulieleza jinsi vimeng'enya viitwavyo kinasi vinavyochukua fosfati kutoka kwenye ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, na kuibandika juu ya protini nyingine, na jinsi protini iliyobandikwa inavyobadili umbo na kuanza, au kuacha, kazi yake. Karibu barua zote zilizofuata ziliuliza upande wa pili wa habari ile, yaani fosfatasi, vimeng'enya vinavyoibandua fosfati hiyo. Tumechagua barua tatu. Jibu la kwanza ni refu kwa sababu mawili yanayofuata yanaliegemea.

Swali la kwanza

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa 2 wa sayansi ya maabara. Katika vitini vyetu kila mchoro wa ishara za seli una kinasi zilizopangwa kwa mishale minene kutoka juu hadi chini, na fosfatasi huonyeshwa kwa mshale mwembamba unaorudi nyuma, pengine bila hata jina. Je, kazi yake ni kufuta tu kile ambacho kinasi imeandika? Na kama binadamu ana kinasi zaidi ya 500, fosfatasi zilizo chache zinajuaje protini ipi ya kubanduliwa na ipi ya kuachwa?
Mwanafunzi, Morogoro

Jibu

Marahaba. Mchoro huo una kosa moja kubwa: unamfanya msomaji aamini kwamba ishara hutengenezwa na kinasi peke yake, kisha fosfatasi huja kupanga vitu mahali pake baada ya kazi kwisha. Kiswahili chenyewe kinatufundisha vingine. Tunayo kauli ya kutendua, ambayo kwayo tunapata funga na fungua, ziba na zibua, bandika na bandua, na kila mzungumzaji anajua kwamba kufungua mlango si sawa na kutoufunga. Kufungua ni kitendo kinachohitaji mkono wake, nguvu yake na wakati wake. Kubandua fosfati ni vivyo hivyo.

Kemia inathibitisha jambo hili kwa namna ya kushangaza. Fosfati iliyokwisha kubandikwa kwenye asidi amino (vipande vinavyojenga protini) kama serini haidondoki yenyewe kama jani kavu. Mwaka 2003 kundi la Richard Wolfenden, huko North Carolina nchini Marekani, lilikadiria kwamba katika maji ya joto la kawaida, pasipo kimeng'enya chochote, nusu ya vifungo vya aina hiyo ingehitaji takriban miaka trilioni 1 kuvunjika, ilhali ulimwengu wenyewe una umri wa miaka bilioni 13.8 hivi. Fosfatasi huvunja kifungo hichohicho katika sehemu ndogo ya sekunde. Maana yake ni kwamba, kama seli isingekuwa na mbanduaji, kila protini ambayo kinasi imewahi kuigusa ingebaki na alama yake hadi protini yenyewe ivunjwe, na ishara ya asubuhi isingetofautika na ya jioni.

Tena, katika historia ya somo hili mbanduaji ndiye aliyetangulia kuonekana. Carl na Gerty Cori, wakiwa St. Louis, walichunguza fosforilasi, kimeng'enya cha msuli kinachovunja glaikojeni, yaani sukari iliyowekwa akiba, na katika miaka ya 1940 walitambua kwamba kina maumbo mawili: umbo a lililo tayari kwa kazi, na umbo b lisiloweza kufanya kazi bila kusaidiwa na molekuli ya AMP. Waligundua pia kwamba ndani ya msuli kuna kimeng'enya kinachogeuza a kuwa b, wakadhani kinaondoa AMP iliyoshikamana na fosforilasi, lakini kila walipoitafuta AMP hiyo hawakuipata. Mwaka 1955 Edmond Fischer na Edwin Krebs, huko Seattle, walionyesha kwamba safari ya kutoka b kwenda a inahitaji ATP, na hatimaye ikafahamika kwamba kinachoongezwa na kuondolewa ni fosfati. Kuna kisa kidogo ambacho hupenda kuwasimulia wanafunzi. Fischer na Krebs walipoacha kuchuja maji ya msuli kwa karatasi, kama akina Cori walivyofanya, hawakupata umbo a hata kidogo. Ilibainika kwamba kalsiamu iliyotoka kwenye karatasi ya kuchujia ndiyo iliyokuwa ikiiamsha kinasi. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1992. Kile kimeng'enya ambacho akina Cori walikiona bila kujua kinaondoa nini kilikuwa fosfatasi.

Sasa tuje kwenye idadi. Orodha ya jeni za binadamu iliyotolewa mwaka 2002 ilihesabu kinasi 518, na kati ya hizo 90 hubandika fosfati kwenye asidi amino ya tirosini, nyingine nyingi hubandika kwenye serini na mwenzake threonini. Kwa upande wa tirosini hakuna uchache wowote, kwa kuwa jeni za jamii ya fosfatasi za tirosini zilizoorodheshwa mwaka 2004 zilikuwa 107. Uchache unaousema uko kwenye serini na threonini, ambako sehemu kubwa ya kazi hufanywa na fosfatasi mbili, PP1 na PP2A. Hapo ndipo wengi hukosea wakidhani kwamba kimeng'enya kinachohudumia protini mamia kwa mamia lazima kiwe hakichagui.

Kinachagua, ila uchaguzi wake haumo katika kipande kinachokata. PP1 haitembei peke yake ndani ya seli. Ina wenza wanaokaribia 200 wanaojulikana, na mwenza ndiye anayeipeleka mahali pa kazi. Mwenza mmoja huishikiza kwenye chembe za glaikojeni, mwingine huipeleka kwenye miosini, protini ya kukaza msuli, katika msuli laini unaozunguka mishipa ya damu, na baadhi huziba sehemu ya uso wake ili protini fulani zisiweze kuingia. PP2A nayo ina kipande cha kiunzi, kipande kinachokata, na kipande cha tatu kinachobadilishwa kulingana na kazi. Ni sawa na fundi mmoja hodari anayeitwa nyumba nyingi: ujuzi wa mikono yake ni uleule, lakini aliyemwita ndiye anayemwonyesha ukuta wa kubomoa. Kwa hiyo ukihesabu vipande vinavyokata pekee utaona uchache, na ukihesabu miungano kamili utaona wingi unaofanana na ule wa kinasi.

Swali lako la msingi, kama fosfatasi hufuta tu, lilijibiwa kwa hesabu mwaka 2002 na Reinhart Heinrich, Benjamin Neel na Tom Rapoport. Walipoandika milinganyo ya mfululizo wa kinasi zinazoamshana, waligundua kwamba kinasi huamua zaidi ukubwa wa ishara, yaani ni protini ngapi zitakuwa zimebandikwa kwa wakati mmoja, lakini kasi ya ishara na muda inaodumu huamuliwa zaidi na fosfatasi. Naomba ulitafakari hili, kwa sababu katika seli muda wenyewe ni ujumbe. Ziko seli za uvimbe wa tezi ya adrenali ya panya, ziitwazo PC12, ambazo zimetumika maabara kwa miaka mingi. Ukizipa kichocheo kiitwacho EGF, kinasi ya ERK huamka kwa dakika chache kisha hulala, na seli hugawanyika. Ukizipa kichocheo kingine, NGF, kinasi ileile hubaki macho kwa saa nyingi, na seli huacha kugawanyika, zikaanza kuotesha nyuzi kama za seli za neva. Kinasi haikubadilika, kilichobadilika ni urefu wa kuamka kwake. Na ERK yenyewe, ikishafika kwenye kiini cha seli, huchochea jeni za fosfatasi zitakazokuja kuilaza, kwa hiyo ishara huzaa mwisho wake yenyewe.

Seli pia hujua kumfunga mikono mbanduaji pale inapotaka ishara ipande haraka. Mtu anapokimbia, adrenalini huamsha kinasi ya PKA, na PKA, kwa kupitia kinasi nyingine, huhakikisha fosforilasi inabandikwa fosfati ili glaikojeni ivunjwe. Wakati huohuo PKA hubandika fosfati kwenye protini ndogo ambayo, ikishabandikwa, huing'ang'ania PP1 na kuizuia. Hapo mbandikaji anaongezewa nguvu na mbanduaji anazuiwa kwa amri ileile. Mkimbiaji akipumzika, kizuizi kinaondolewa na PP1 inairudisha fosforilasi katika umbo b.

Mwisho, usiamini kwamba kubandua ni kuzima siku zote. Kinasi iitwayo CDK1, inayoisukuma seli kuingia katika kugawanyika, hushikiliwa na fosfati ambayo kinasi nyingine, Wee1, imeibandika kwenye tirosini yake. Anayeifungua ni fosfatasi iitwayo Cdc25. Katika seli T za kinga, fosfatasi ya CD45 huondoa fosfati inayoifunga kinasi ya Lck, na seli zisizo na CD45 hushindwa kuitikia ipasavyo vijidudu vinapoingia. Katika mifano hii miwili fosfatasi ndiyo inayoanzisha ishara. Ukichora mchoro wako tena, mpe mshale mnene kama wa mwenzake.

Swali la pili

Ndugu Mhariri, baba yangu ana kisukari cha aina ya 2. Nimesoma kwamba kipokezi cha insulini ni kinasi, na kwamba kuna fosfatasi inayokinyamazisha. Kama ni hivyo, kwa nini hakuna kidonge cha kuizuia fosfatasi hiyo? Kuna mtu anatuuzia unga anaodai unafanya kazi hiyo.
Msomaji, Mombasa

Jibu

Pole kwa kumuuguza mzee. Ulichosoma ni kweli. Insulini inapokishika kipokezi chake nje ya seli, sehemu zake za ndani hubandikana fosfati kwenye tirosini, na kutoka hapo amri ya kupokea sukari husambaa ndani ya seli. Fosfatasi inayozibandua ni PTP1B, ambayo Nicholas Tonks, akiwa katika maabara ya Fischer tuliyemtaja juu, aliisafisha na wenzake kutoka kwenye kondo la nyuma la binadamu na kuitangaza mwaka 1988. Mwaka 1999 kundi la watafiti wa Montreal, Kanada, lilichapisha habari za panya waliozaliwa bila PTP1B. Panya hao waliitikia insulini vizuri kuliko wenzao, na walipolishwa chakula chenye mafuta mengi hawakunenepa kama ilivyotarajiwa. Kampuni nyingi za dawa zilianza kutafuta kidonge mara moja.

Hadi leo hakuna dawa ya kisukari iliyoidhinishwa inayofanya kazi kwa kuizuia PTP1B, na sababu zake ni za kimaumbile. Tundu ambamo PTP1B huikamata fosfati lina chaji chanya, kwa kuwa fosfati ina chaji hasi. Basi molekuli inayolijaza tundu hilo vizuri nayo huwa na chaji hasi, na vitu vya namna hiyo hupenya utando wa seli kwa shida sana. Zaidi ya hayo, PTP1B ina ndugu wa karibu mno, TCPTP, na panya waliozaliwa bila ndugu huyo hufa wakiwa na wiki chache tu. Dawa isiyoweza kuwatofautisha hawa wawili ni ya hatari. Hata chumvi za vanadiamu, ambazo madaktari wa Lyon, Ufaransa, waliwahi kuwapa wagonjwa wa kisukari mwaka 1899, huzuia fosfatasi za tirosini kwa ujumla wake bila kuchagua.

Lakini kuna sababu nyingine ambayo naona ina uzito kuliko zote. Breki inayozuia insulini mara nyingi ni breki hiyohiyo inayozuia seli kukua ovyo. Chukua PTEN, fosfatasi iliyogunduliwa mwaka 1997, ambayo hubandua fosfati kutoka kwenye mafuta ya utando yanayobeba ishara ya insulini badala ya kuibandua kwenye protini. Mwaka 2012 watafiti wa Oxford, Uingereza, walieleza habari za watu waliorithi nakala moja mbovu ya jeni ya PTEN. Miili yao ilikuwa ikiitikia insulini kwa wepesi usio wa kawaida, jambo ambalo kila mgonjwa wa kisukari angelitamani, lakini watu hao walikuwa wanene zaidi, na wenye hitilafu hiyo wana hatari kubwa zaidi ya kupata saratani ya matiti, ya tezi ya shingo na nyinginezo. PTEN ni miongoni mwa jeni zinazokutwa zimeharibika mara nyingi katika uvimbe wa saratani.

Hata hivyo si kweli kwamba fosfatasi haziguswi na dawa. Siklosporini na takrolimasi, ambazo mgonjwa aliyepandikizwa figo humeza ili mwili usiikatae, hufanya kazi kwa kuizuia fosfatasi ya kalsineurini ndani ya seli T. Dawa hizo haziingii kwenye tundu la fosfati. Kila moja huungana kwanza na protini nyingine, na muungano huo ndio unaoizibia kalsineurini njia. Kwa kuwa kalsineurini hufanya kazi pia katika seli zinazotengeneza insulini, wanaotumia dawa hizi hupimwa sukari mara kwa mara. Mwaka 2016 ilielezwa molekuli inayoizuia fosfatasi ya SHP2 kwa kuibana ikiwa imejikunja, mbali na tundu lake, na tangu hapo watafiti wamepata njia ya kulikwepa tatizo la chaji nililolieleza.

Kuhusu huo unga, tafadhali msiununue. Dawa ambazo mzee anapewa kliniki, kama vile metformini, hupita njia nyingine kabisa, na usalama wake unajulikana kwa matumizi ya miaka mingi. Asiziache, wala asichanganye nazo kitu kingine kabla ya kumweleza daktari wake.

Swali la tatu

Mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi karibu na Kisumu. Kuna majira ambapo ziwa hufunikwa na utando wa kijani kibichi kama rangi iliyomwagwa. Afisa mmoja wa afya alitwambia kwamba sumu yake huharibu ini kwa kuzuia vimeng'enya. Ni vimeng'enya gani hivyo, na je, tukichemsha maji inatosha?
Mwalimu, Kisumu

Jibu

Mwalimu mwenzangu, afisa huyo alisema kweli. Utando huo mara nyingi huwa ni wa sianobakteria, hasa wa jenasi ya Microcystis, wanaostawi maji yanapopata naitrojeni na fosforasi nyingi kutoka mashambani na kwenye maji taka ya miji. Sumu yao, mikrosistini, imepimwa mara kadhaa katika Ghuba ya Winam, sehemu ya Ziwa Victoria iliyo upande wa Kisumu. Vimeng'enya inavyovizuia ni walewale mafundi wawili wa jibu la kwanza, PP1 na PP2A.

Ini ndilo linaloumia kwa sababu seli zake zina milango inayopokea chumvi za nyongo, na mikrosistini hupita katika milango hiyohiyo. Ikishaingia, huziba tundu la fosfatasi na kushikamana nalo moja kwa moja. Kinachofuata ni ushahidi bora kabisa wa yale niliyomweleza mwanafunzi wa Morogoro, kwa maana hakuna kinasi hata moja iliyoamriwa kuongeza kazi, lakini fosfati zinaanza kurundikana juu ya protini. Kinasi zilikuwa zikibandika muda wote, hata seli ilipoonekana imetulia, na utulivu ule ulitokana na mbanduaji aliyekuwa akienda nazo sambamba. Nyuzi zinazoipa seli umbo hubandikwa kupita kiasi na kusambaratika, seli hujikunja na kuachana na jirani zake, na damu huvuja ndani ya ini. Huko Caruaru, Brazili, mwaka 1996, maji yenye sumu hii yalitumika kusafishia damu ya wagonjwa wa figo, na zaidi ya wagonjwa 50 walifariki. Asidi ya okadaiki, ambayo hutengenezwa na viumbe wadogo wa baharini na kurundikana katika kome na chaza, huzuia fosfatasi hizohizo na kuwaharisha wanaokula.

Kuna pia viumbe wanaodhuru kwa upande wa pili, yaani kwa kubandua kupita kiasi. Bakteria wa tauni, ugonjwa uliowasumbua sana watu wa Lushoto katika milima ya Usambara kuanzia mwaka 1980, huidunga seli ya kinga fosfatasi yake mwenyewe iitwayo YopH, ambayo hubandua fosfati za tirosini kwa kasi kubwa kiasi kwamba seli hiyo hushindwa kummeza bakteria aliye mbele yake.

Sasa kuhusu kuchemsha. Kuchemsha hakutoshi. Mikrosistini ni pete imara ya asidi amino 7 isiyovunjwa na moto wa jikoni, na bakteria wanapokufa kwa joto huiachia sumu iliyokuwa ndani yao iingie katika maji. Shirika la Afya Duniani limependekeza maji ya kunywa kila siku yasizidi mikrogramu 1 ya mikrosistini aina ya LR kwa lita, kiwango ambacho hakiwezi kutambuliwa kwa macho wala kwa ulimi. Mitambo ya maji huwachuja kwanza bakteria wakiwa wazima, kisha hutumia klorini au mkaa maalumu kuondoa sumu iliyobaki. Nyumbani na shuleni, wakati utando upo, tumieni maji ya kisima kirefu, ya mvua au ya bomba lililosafishwa, na msichote ufukweni palipo na kijani hata kama mtachuja kwa kitambaa. Watoto wasiogelee hapo, na ng'ombe wanyweshwe kwingine. Samaki aliyevuliwa majira hayo atolewe matumbo na ini, kwa kuwa sumu hurundikana humo zaidi, kisha minofu ioshwe kwa maji safi kabla ya kupikwa.